Nimeombwa kuongoza kamati ya wanawake, ilhali faili langu la uprofesa limelala

Shikamoo Profesa,

Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya figo na mhadhiri mwandamizi katika chuo kikuu cha tiba. Nina umri wa miaka 44, na cheo nilicho nacho nimekishikilia kwa miaka 8. Katika muda huo nimesimamia wanafunzi 11 wa uzamili hadi wakahitimu, na nimechapisha makala 27, ambapo katika 9 ni mwandishi wa kwanza na katika 6 ni mwandishi wa mwisho. Hesabu hizi sizitangulizi kwa majivuno. Naziweka mbele kwa sababu kila ninapojaribu kulieleza tatizo langu bila hesabu, huambiwa kuwa nina uchovu wa kazi.

Mwaka jana mwenzangu mmoja alipandishwa kuwa profesa mshiriki. Nilimpokea idarani akiwa hajaandika makala hata moja, nikawa nakaa naye jioni baada ya zamu kumwonyesha jinsi ya kujibu hoja za wahakiki wa majarida. Nilimpongeza kwa moyo mkunjufu, na namwombea heri hadi leo. Hata hivyo, siku chache baadaye niliitazama orodha ya machapisho yake, ambayo iko wazi kwa yeyote, nikakuta ana makala 21. Usiku ule sikulala vizuri.

Nilipomwendea mkuu wa idara alinipokea kwa upole, akaniambia kuwa faili langu bado halijaiva na kwamba ni vyema nisubiri kidogo. Hakusema kinachopungua, nami kwa haya sikuuliza. Aliongeza kwamba idara ingeyumba bila mimi, kwani mimi ndiye mama wa idara. Ni kweli kwamba ratiba ya mitihani naipanga mimi, orodha ya zamu za madaktari naipanga mimi, malalamiko ya wanafunzi yanaishia mezani kwangu, na madaktari wapya wanapofika mimi ndiye ninayewapokea na kuwazungusha wodini. Wakati huohuo, data ya wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine, ambayo niliikusanya kwa miaka mitano, imekaa kwenye kompyuta yangu mwaka wa tatu sasa bila kuchambuliwa.

Wiki mbili baada ya mazungumzo hayo nilipata barua kutoka kwa mkuu wa kitivo, akiniomba niongoze kamati mpya ya kuwaendeleza wanawake kitivoni. Ni kazi ya miaka mitatu, yenye mkutano kila mwezi na ripoti kila nusu mwaka, na barua haikutaja kupunguziwa jukumu lolote nililo nalo. Nikikataa, itasemwa kwamba wanawake wenyewe hawalijali suala lao. Nikikubali, sioni nitakapopata muda wa kuandika hata ukurasa mmoja. Dirisha la maombi ya kupandishwa vyeo linafungwa baada ya wiki sita.

Mume wangu anasema niombe. Rafiki yangu wa tangu shule ya udaktari anasema kuomba bila baraka za mkuu wa idara ni kujichongea. Mimi nimelelewa kwa kuamini kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, na kila nikifungua fomu ile naona haya, kana kwamba najinadi.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini linanisumbua kuliko mengine. Daktari mmoja kijana, binti anayemalizia ubingwa, aliniuliza kama nashauri abaki chuoni awe mhadhiri na mtafiti au aende zake hospitalini akatibu wagonjwa tu. Nilimwambia nitamjibu wiki inayofuata. Imepita miezi miwili.

Ni mimi,
Mama wa Idara

*

Marahaba, Daktari. Utaniwia radhi kwa kutotumia jina ulilotia sahihi, nami nitaeleza sababu baadaye.

Kwa kuwa wiki sita si nyingi, natanguliza jibu: omba mwaka huu. Ombi la mkuu wa kitivo usilikatae wala usilikubali kwa sasa, bali lijibu kwa barua yenye masharti. Yule binti mjibu wiki hii.

Tuanze na neno kuiva. Ni neno la jikoni, na uzuri wake kwa anayelitumia ni kwamba mpishi peke yake ndiye anayejua lini chungu kiepuliwe. Upandishaji vyeo chuoni hauendeshwi hivyo, au tuseme haupaswi kuendeshwa hivyo. Chuo chako kina kanuni zilizoandikwa, zinazotaja makala ngapi zinatakiwa, katika nafasi gani ya uandishi, wanafunzi wangapi wa uzamili, ufundishaji wa kiasi gani, na ruzuku au huduma zipi zinazohesabiwa. Zitafute kanuni hizo kesho asubuhi. Chora jedwali la safu mbili, upande mmoja kigezo, upande wa pili ushahidi wako, kisha mwandikie mkuu wa idara barua fupi na yenye adabu, ukimwambia kwamba unakusudia kuomba katika dirisha hili na kumwuliza ni kigezo kipi kati ya hivyo anachoona hujakitimiza. Akikitaja, utakuwa umepata kile ulichonyimwa siku ile kwa maneno matamu. Asipokitaja, umepata zaidi. Asipojibu kabisa, tunza nakala.

Hapa sina budi kuwa mkweli kwako, maana barua yako ina mahali ambapo hasira imeitangulia hesabu. Kulinganisha makala 27 na 21 hakutoshi. Katika utafiti wa tiba nafasi ya jina ndiyo yenye uzito: wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyeifanya kazi, wa mwisho ndiye aliyeiongoza na mara nyingi ndiye aliyetafuta fedha, na waliomo katikati walisaidia kwa kiwango kimoja au kingine. Ukitoa 9 na 6 katika 27 unabaki na 12 ambamo jina lako limo katikati, na hizo kamati itazipitia kwa haraka. Huenda mwenzako ana makala chache lakini yuko mwanzoni au mwishoni katika nyingi zaidi. Huenda pia sivyo, na kweli umerukwa. Hesabu kwanza, ndipo ujue ni hasira ya aina gani uliyo nayo.

Wala si ajabu kwamba majina ya wanawake hurundikana katikati. Reshma Jagsi na wenzake walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa majarida makubwa ya tiba ya Marekani, wakaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 2004 sehemu ya wanawake miongoni mwa waandishi wa kwanza ilipanda kutoka asilimia 5.9 hadi 29.3, na miongoni mwa waandishi wa mwisho kutoka asilimia 3.7 hadi 19.3. Hatua ni kubwa, lakini tazama jinsi nafasi ya mwisho, ile ya kiongozi, inavyokokota miguu nyuma ya nafasi ya kwanza. Mtu husaidia makala ya huyu, akaokoa data ya yule, akakaa jioni na mwenzake kujibu wahakiki, na makala yake mwenyewe ikalala kwenye kompyuta mwaka wa tatu. Umeisimulia habari hiyo mwenyewe bila kuitambua.

Sasa nije kwenye methali yako. Kizuri chajiuza ni maneno ya sokoni, na sokoni mnunuzi anakiona kitu kwa macho yake, anakigeuzageuza na kukinusa. Kamati ya vyeo haiji wodini kwako. Wajumbe wake hawakuoni ukimweleza mgonjwa saa nne usiku kwamba figo zake zimechoka, wala hawaoni wanafunzi wako wakikushukuru. Wanaona karatasi, na karatasi isiyosema haionekani. Zaidi ya hapo, hata karatasi yenyewe haisomwi kwa jicho lilelile kwa kila mtu. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Uswidi, Christine Wennerås na Agnes Wold, walichapisha walichokikuta katika alama ambazo baraza la utafiti wa tiba la nchi yao liliwapa waombaji wa ufadhili, nyaraka ambazo waliruhusiwa kuzisoma baada ya kufika mahakamani. Waligundua kwamba mwanamke alihitaji kuwa na tija karibu mara mbili na nusu ya mwanamume ili apewe alama sawa ya umahiri. Hiyo ni Uswidi, nchi inayosifiwa kwa usawa wa kijinsia kuliko karibu nchi zote.

Utasema ni habari ya zamani. Basi chukua ya mwaka 2015: Anupam Jena na wenzake waliwatazama madaktari 91,073 wenye vyeo vya ualimu katika vyuo vya tiba vya Marekani, wakakuta asilimia 28.6 ya wanaume walikuwa maprofesa kamili, na kwa wanawake asilimia 11.9. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na umri, miaka ya kazi, machapisho na ruzuku, lakini hata baada ya kuyazingatia hayo yote pengo halikufutika. Natumia takwimu hizi kwa uangalifu, kwa sababu sipendi zikukatishe tamaa wala zikupe kisingizio. Nazitaja ili ujue kwamba aibu unayoiona mbele ya fomu haitokani na udhaifu wako wa tabia. Umekwisha kujifunza kutoka kwa mazingira yako kwamba kujitaja kuna gharama, na umejifunza sawasawa.

Kuna utafiti mwingine ambao ungekufaa hasa unapojaza fomu yako. Mwaka 2019 Holly Witteman na wenzake walitumia mabadiliko ya utaratibu katika taasisi ya kitaifa inayofadhili utafiti wa afya nchini Kanada, ambako kwa muda maombi yaligawanywa katika mikondo miwili: mmoja ukipima zaidi ubora wa mradi, mwingine ukipima zaidi ubora wa mtafiti mwenyewe. Wahakiki walipoelekezwa kuipima sayansi, pengo kati ya wanawake na wanaume lilikuwa asilimia 0.9 tu. Walipoelekezwa kumpima mtu, lilifika asilimia 4.0. Kwa hiyo, usiandike kwamba wewe ni mchapakazi, mvumilivu na mwenye kupenda wanafunzi, maana hapo unawakaribisha wakupime wewe. Andika kwamba ulibuni utafiti fulani, ukaongoza timu ya watu kadhaa, ukapata matokeo fulani, na yakabadilisha mwongozo fulani wa tiba wodini. Kila sentensi ianze na kitenzi cha kazi iliyofanyika na imalizikie kwenye kitu kinachoweza kukaguliwa.

Vivyo hivyo kwa barua za wadhamini wako wa kitaaluma. Frances Trix na Carolyn Psenka walisoma barua zaidi ya 300 zilizoandikwa kuwapendekeza waombaji wa nafasi za ualimu katika shule kubwa moja ya udaktari nchini Marekani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, zenye maneno mengi zaidi ya kutia shaka, na ziliwachora wanawake zaidi kama walimu na wanaojifunza, huku wanaume wakichorwa kama watafiti na wataalamu. Si lazima mwandishi wa barua awe na nia mbaya, na mara nyingi ni mtu anayekupenda. Kwa hiyo unapomwomba mdhamini, mpelekee ukurasa mmoja wa mambo unayotaka yatajwe, makala tatu bora na sababu ya ubora wake, ruzuku, wanafunzi na walikofika. Maprofesa wana shughuli nyingi na hushukuru wakirahisishiwa kazi. Nimeandika barua nyingi sana za namna hiyo, na nakiri kwamba zile nilizoandika bila kupewa ukurasa kama huo zilijaa sifa za tabia njema, kwa kuwa ndizo zinazokuja kichwani haraka.

Hapo ndipo ninapogombana na jina lako la mama wa idara. Katika lugha yetu mama ni heshima, na sikushauri umkemee anayekuheshimu. Hata hivyo, cheo hicho hakimo katika kanuni za chuo chochote, hakina alama wala mshahara, na kina mtego mmoja: mama haombi kupandishwa, mama hashindani na watoto, na mama akisema amechoka nyumba nzima hushangaa. Majina yana nguvu zaidi ya tunavyodhani. Julia Files na wenzake mwaka 2017 walichapisha uchunguzi wa jinsi wazungumzaji walivyotambulishwa katika mihadhara ya madaktari wa magonjwa ya ndani katika kliniki ya Mayo, hospitali kubwa ya Marekani. Wanawake waliposhika kipaza sauti kumtambulisha mwenzao, walimtaja kwa cheo chake cha kitaaluma karibu kila mara, awe mwanamume au mwanamke. Wanaume walipomtambulisha mwanamume walitumia cheo mara 72 hivi katika 100, na walipomtambulisha mwanamke mara 49. Kwa hiyo katika mihtasari ya vikao, katika barua na mbele ya wanafunzi, uwe Daktari fulani. Chumba cha chai kinaweza kuendelea na jina lake.

Kuhusu hofu ya rafiki yako, hakosei kabisa. Bosi aliyepitwa huweza kununa, na bosi aliyenuna anaweza kukupangia zamu mbaya kwa mwaka mzima. Ndiyo maana nimesema umwandikie kwanza, ili asije akasikia habari zako kutoka kwa mtu mwingine. Soma kanuni uone kama mwombaji anaruhusiwa kuwasilisha maombi mwenyewe, na kama maoni ya mkuu wa idara yanatakiwa, uone kama yanatakiwa yawe maoni tu au idhini. Hayo ni mambo mawili tofauti ambayo watu wengi huyachanganya, wakiwamo wakuu wa idara. Mimi mwenyewe nilimsubiri mkuu wangu kwa miaka mitatu nikiamini kwamba ananipima. Nilipojikaza nikamwuliza, alishangaa, akasema alidhani sina haja ya cheo kwa vile sikuwahi kulizungumza. Sikujua nicheke au nilie. Miaka mitatu ile haikurudi.

Na kusubiri kuonwa hakuwasaidii hata wale ambao kazi yao haina mjadala. Gerty Cori, mwanabiokemia, alifanya kazi na mumewe, Carl, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, tangu mwaka 1931. Mume aliajiriwa kama mkuu wa idara, mke kama mtafiti msaidizi, ingawa maabara na makala zilikuwa za wote wawili. Gerty alipewa uprofesa kamili mwaka 1947, mwaka uleule ambao yeye na mumewe walipata Tuzo ya Nobel ya tiba, akawa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Ikiwa kazi ya kiwango hicho ilihitaji miaka 16 kujiuza, sisi wengine tusitegemee njia hiyo.

Sasa kamati. Naelewa kwa nini unajiona umebanwa, na nakuhakikishia kwamba mtego wa namna hii umepimwa maabara. Linda Babcock na wenzake walichapisha mwaka 2017 majaribio ambamo watu waliwekwa katika vikundi vidogo, na mmoja wao alipaswa kujitolea kufanya kazi isiyo na faida kwake ili kikundi kizima kinufaike. Katika vikundi vilivyochanganya jinsia, wanawake walijitolea mara nyingi zaidi ya wanaume kwa asilimia 48. Katika vikundi vya wanaume peke yao, wanaume walijitolea vizuri tu, jambo ambalo kwangu ndilo lenye kufundisha zaidi. Watu walipopewa nafasi ya kuchagua wa kumwomba, wanaume kwa wanawake waliwaomba wanawake zaidi. Hivyo basi si kwamba umezaliwa na roho ya huruma isiyojua kukataa. Umezungukwa na watu, pamoja na mimi nawe, waliozoea kuamini kwamba mwanamke atakubali.

Kamati ya kuwaendeleza wanawake ambayo inamrudisha nyuma mwanamke anayeiongoza ni kichekesho, na nafikiri unaweza kumwambia hivyo mkuu wa kitivo, kwa lugha ya staha. Mshukuru kwa imani yake, kisha eleza kwamba uko tayari kuongoza kwa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, kuanzia baada ya dirisha la maombi kufungwa, ikiwa ratiba ya mitihani na orodha ya zamu zitakabidhiwa kwa mtu mwingine. Naamini profesa mshiriki mpya ana mikono miwili na anajua kutumia kalenda, tena ana deni kwako. Omba katibu wa kuandika mihtasari. Omba mwenyekiti mwenza mwanamume mwenye cheo cha profesa kamili, kwa sababu suala likiachiwa wanawake peke yao linakuwa la wanawake peke yao. Omba barua inayotamka kwamba uenyekiti huo utahesabiwa kama uongozi katika tathmini yako. Na juu ya yote, omba kamati ipewe mamlaka ya kuona takwimu za vyeo na mishahara ya kitivo kizima. Hilo la mwisho usilegeze kamba. Kamati isiyoona takwimu itaishia kuandaa semina za kuwafundisha wanawake kujiamini, na tatizo si kwamba hawajiamini.

Ukikubaliwa, kazi ya kwanza ya kamati iwe jedwali moja: kila mhadhiri mwandamizi, jinsia yake, na miaka aliyokaa katika cheo hicho. Usiongeze maelezo. Lipeleke jedwali mbele ya kikao cha kitivo na ukae kimya. Kazi ya pili iwe kuyapitia mafaili ya wanawake wote kila mwaka bila kungoja waombe, na kumwambia kila mmoja kwa maandishi amefika wapi na anapungukiwa nini. Mambo ya aina hii yameshafanya kazi mahali pengine. Idara ya tiba ya Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, iliendesha mpango wa miaka mitano uliogusa malezi ya kitaaluma, marupurupu, upweke wa wanawake idarani na vikwazo vya utaratibu, na Linda Fried na wenzake wakaripoti mwaka 1996 kwamba idadi ya wanawake wenye cheo cha profesa mshiriki ilipanda kutoka 4 mwaka 1990 hadi 26 mwaka 1995. Uongozi wa idara ndio uliobeba mzigo huo, si mwanamke mmoja baada ya zamu yake.

Mkuu wa kitivo akiyakataa masharti, basi umepata jibu lako, na unaweza kumwambia kwa amani kwamba kwa sasa huwezi. Watakaosema hujali wanawake waache waseme. Kitivo kinamhitaji profesa mmoja zaidi mwanamke kuliko kinavyohitaji ripoti moja zaidi ya nusu mwaka.

Maombi yako yakikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uulize utaratibu wa rufaa siku hiyohiyo, kabla ya machozi. Sababu zilizoandikwa ni orodha ya kazi za mwaka unaofuata, na pia ni ushahidi, ikiwa mwaka huo utakapofika orodha itabadilishwa.

Nimebakiza yule binti. Usimwambie kwamba mambo yatakuwa mazuri kadiri muda unavyokwenda, maana muda peke yake umejaribiwa. Mwaka 2019 wanawake walikuwa tayari wamepita nusu ya wanafunzi wa udaktari nchini Marekani, baada ya miaka mingi ya kukaribiana sana na wanaume, na bado mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa robo tu ya maprofesa kamili na asilimia 18 ya wakuu wa shule za udaktari. Mlango wa kuingilia uko wazi, ngazi ndiyo iliyokatika vidato. Mwambie hivyo. Mwambie pia kile kilichokufanya ukae miaka yote hii, kwa sababu hukukaa kwa kukosa pa kwenda. Daktari bingwa wa figo hakosi pa kwenda.

Kisha mpe kitu mkononi. Anahitaji zaidi ya mtu wa kumpa mawaidha: anahitaji mtu wa kumsemea katika vikao ambavyo yeye hayumo, na kazi yenye jina lake mbele. Ile data ya wagonjwa wanaosafishwa damu, uliyoikusanya miaka mitano na kuikosea muda miaka mitatu, mkaribishe muichambue pamoja. Kabla hajagusa hata namba moja, andikeni karatasi ya makubaliano: yeye mwandishi wa kwanza, wewe wa mwisho, saa ngapi kwa wiki, rasimu itoke lini, na itakuwaje akiamua kuondoka chuoni katikati ya kazi. Hutaimaliza kabla ya dirisha hili kufungwa, wala haina haja. Mpigie simu leo, kabla ya kuifungua fomu, maana kimya cha miezi miwili huenda ameshakisoma kama jibu.